Kupona kwa Kano ya Kisigino kwa Mtu Aliyezoea Mazoezi

Mtu aliyezoea mazoezi anapoumia kano ya kisigino hukabiliwa na hatari mbili zinazokwenda kinyume. Ya kwanza ni kuyapuuza maumivu, akaendelea kukimbia hadi kano ikachakaa zaidi. Ya pili ni kuiogopa kano hiyo, akaketi miezi mitatu akingoja maumivu yaishe, kisha akarudi barabarani akiwa na kano dhaifu kuliko ilivyokuwa siku alipoacha. Hatari zote mbili huzaliwa na dhana moja, kwamba maumivu ndiyo kipimo cha kupona: yakiwapo mtu ni mgonjwa, yakiisha amepona. Kwa kano ya kisigino dhana hiyo ina kasoro pande zote mbili. Kano iliyochakaa inaweza kufanyishwa kazi yenye manufaa huku ikiuma kidogo, na kano iliyokatika inaweza kuacha kuuma miezi mingi kabla ya kuwa tayari kwa mbio.

Suala hili lina uzito wake katika miji ya Tanzania. Wengi wanaoonekana alfajiri katika vikundi vya mbio za pole hawakuanza kwa kutafuta medali. Walipimwa wakakutwa na shinikizo la juu la damu, sukari, au uzito uliozidi, wakaambiwa wautumikishe mwili. Kumwambia mtu wa namna hiyo "acha mazoezi" bila kumpa badala yake ni kumwondolea dawa moja ili kutibu maradhi mengine. Mhudumu wa afya anayetoa ushauri huo kwa mgonjwa wa kisukari anapaswa kutazamia kwamba katika wiki chache sukari itapanda.

Kano yenyewe

Kano ya kisigino ni ile kamba ngumu inayoshikika kwa vidole viwili nyuma ya mguu, juu ya kisigino. Huwa na urefu wa takriban sentimita 15 kwa mtu mzima, nayo huunganisha misuli ya kigimbi, yaani shavu la mguu, na mfupa wa kisigino. Vitabu vya tiba huiita kano ya Achilles, kwa jina la shujaa wa hadithi za Wayunani aliyeweza kudhurika kisiginoni tu. Jina hilo linaipunja, kwa kuwa hii ndiyo kano nene na yenye nguvu kuliko zote mwilini. Mtu anapokimbia, mzigo unaopita katika kano hii hufikia mara sita hadi nane ya uzito wa mwili wake, na katika mbio za kasi huweza kuzidi hapo. Mkimbiaji wa kilo 70 huitwisha zaidi ya kilo 400 kwa kila hatua.

Pamoja na nguvu hizo, kano ina mambo mawili yanayoifanya ipone polepole. La kwanza ni damu. Sehemu iliyo kati ya sentimita 2 na 6 juu ya kisigino hupata damu kidogo kuliko sehemu nyingine za kano, na hapo ndipo maumivu mengi huanzia, na ndipo kano nyingi hukatikia. La pili lilithibitishwa na watafiti wa Denmark mwaka 2013. Majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliyofanyika angani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yaliongeza kaboni yenye mionzi hewani, nayo ikaingia katika mimea, vyakula na miili ya watu wote wa nyakati hizo. Kwa kupima kiasi cha kaboni hiyo ndani ya kano, watafiti waliweza kujua ilijengwa lini. Waligundua kwamba kiini cha kano hujengwa hadi umri wa miaka 17 hivi, kisha hakibadilishwi tena kwa kiwango kinachopimika. Kano ya mtu wa miaka 45, kwa maneno mengine, ina kiini kile kile alichomaliza nacho shule ya sekondari.

Ugunduzi huo una maana kubwa kwa tiba. Sehemu iliyokwisha kuchakaa ndani ya kano haifumuliwi ikafumwa upya, wala hakuna kidonge kinachoweza kufanya hivyo. Kinachowezekana ni kuimarisha nyuzi nzima zilizoizunguka, na kuimarisha msuli unaoivuta, mpaka kano kwa ujumla wake iweze kubeba mzigo ule ule bila kulalamika. Nyuzi na msuli huimarika kwa njia moja tu: kubebeshwa mzigo kwa kipimo, na kupewa muda wa kujijenga baina ya mzigo mmoja na mwingine. Baada ya mazoezi mazito, uvunjaji wa kolajeni hutangulia ujenzi wake kwa takriban siku moja hadi moja na nusu. Kwa sababu hiyo, mtu anayeitwisha kano mzigo mkubwa kila siku huweza kujikuta anabomoa kuliko anavyojenga.

Majeraha mawili yasiyofanana

Majeraha ya kano hii yamegawanyika katika makundi mawili, na kuyachanganya ndiko chanzo cha ushauri mwingi mbovu.

Kundi la kwanza ni uchakavu wa kano, ambao wataalamu huuita tendinopathia. Dalili yake mashuhuri ni ugumu wa asubuhi: hatua za kwanza kutoka kitandani ni za kuchechemea, kisha mguu hulainika. Hali hiyo hujirudia mtu anaposhuka kwenye basi baada ya kukaa muda mrefu. Mwanzoni mwa mbio kano huuma, ikipata joto hunyamaza, jioni huuma tena. Ikishikwa huonekana nene kuliko ya mguu wa pili na huuma ikibanwa. Aghalabu ukidodosa utakuta kuna badiliko la mzigo lililotangulia. Mtu aliyekuwa akikimbia kilomita 5 mara tatu kwa wiki amejiandikisha kwa kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon, na ikiwa imebaki miezi miwili ameanza kuongeza umbali na vilima kwa pamoja. Mwingine amehamia mchanga wa ufukweni akiwa peku, au amenunua raba zenye kisigino chembamba kuliko alizozoea. Unene, kisukari, lemu nyingi katika damu, na umri nao huichosha kano hata pale mazoezi yanapokuwa ya wastani.

Lipo pia suala la dawa, ambalo husahauliwa katika vyumba vingi vya uchunguzi. Siprofloksasini, levofloksasini na jamaa zao zinaweza kuidhuru kano ya kisigino hata kuikata, na mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza zibebe onyo la kiwango cha juu kuhusu jambo hilo. Hatari ni kubwa zaidi kwa waliovuka miaka 60, wanaotumia dawa za steroidi, na waliopandikizwa figo au viungo vingine. Siprofloksasini ni dawa ambayo watu wengi wamekwisha kuizoea kwa matumbo na mkojo, na wengine huinunua bila cheti. Mgonjwa anayeumwa kano aulizwe dawa alizotumia katika miezi michache iliyopita, tena kwa majina, maana akiulizwa kwa ujumla atajibu hakutumia chochote. Anayetibiwa kifua kikuu sugu kwa levofloksasini asiiache kwa uamuzi wake. Atoe taarifa kliniki mara moja ili wanaomtibu waamue.

Kundi la pili ni kukatika kwa kano. Hili halina utangulizi mrefu. Mchezaji anaruka au anaanza kukimbia ghafla, husikia mlio, na huhisi kama amepigwa teke au jiwe kwa nyuma. Wengi hugeuka kumtafuta aliyewapiga. Maumivu huweza kuwa makali kwa dakika chache kisha yakapungua kiasi cha kumdanganya mgonjwa na tabibu wake. Tarehe 12 Aprili 2013 mchezaji wa mpira wa kikapu Kobe Bryant alikatika kano ya mguu wa kushoto katikati ya mchezo. Alisimama, akaenda kwenye mstari, akarusha mipira miwili ya adhabu na kuiingiza yote, kisha akatoka uwanjani kwa miguu yake. Kwa hiyo kauli "anatembea, haiwezi kuwa imekatika" haina msingi wowote. Misuli mingine midogo inayopita nyuma ya kifundo cha mguu inaweza kuushusha wayo chini hata kano kuu ikiwa imekatika kabisa.

Kipimo cha kuithibitisha hakihitaji mashine. Mgonjwa hulazwa kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya ukingo wa kitanda. Mhudumu hukibana kigimbi kwa kiganja. Kano ikiwa nzima, wayo huinamia chini. Ikiwa imekatika, wayo hautikisiki. Miguu yote miwili hupimwa ili kulinganisha. Kidole huweza pia kuhisi bonde pale kano ilipoachana, ingawa uvimbe hulijaza bonde hilo baada ya saa kadhaa. Eksirei haionyeshi kano, na eksirei safi isitumiwe kumhakikishia mgonjwa kwamba hana tatizo. Ultrasaundi husaidia penye shaka, lakini rufaa isingoje ultrasaundi.

Gharama ya kukosea hapa ni kubwa. Mgonjwa aliyeambiwa ameteguka, akafungwa bandeji na kupewa dawa za maumivu, au aliyepelekwa kwa mkandaji akachuliwa kwa maji ya moto, hurudi baada ya wiki sita akiwa hawezi kupanda ngazi. Wakati huo ncha mbili za kano zimekwisha kuachana, msuli umejikunja, na kinachohitajika ni upasuaji mkubwa wa kuziba pengo, wenye matokeo yasiyotabirika. Katika zahanati isiyo na daktari wa mifupa, jambo la kufanya siku ile ile ni kumfunga gango au plasta huku wayo ukiwa umeelekezwa chini, ili ncha za kano zikaribiane, kumpa magongo, kumzuia mtu yeyote asiuchue mguu huo, na kumpa rufaa ya siku chache.

Kuiponya kano iliyochakaa bila kuacha mazoezi

Hadi miaka ya 1990 tiba ya uchakavu ilikuwa kupumzika, vidonge na, yakishindwa hayo, kisu. Mwaka 1998 daktari Håkan Alfredson wa Umeå, Sweden, na wenzake walichapisha matokeo ya wakimbiaji 15 waliofanya zoezi moja kwa wiki 12. Inasimuliwa kwamba Alfredson mwenyewe alikuwa na maumivu ya kano, akanyimwa upasuaji kwa kuwa hayakuwa makali vya kutosha, akaamua kuitesa kano yake ili ikatike afanyiwe upasuaji. Badala ya kukatika ikapona. Iwe kisa hicho kimetiwa chumvi au la, zoezi lenyewe limesaidia watu wengi. Mgonjwa husimama kwenye ukingo wa ngazi kwa vidole, hupanda kwa miguu yote miwili, kisha hushuka polepole kwa mguu mgonjwa peke yake. Alfredson aliagiza mizunguko 3 ya marudio 15, goti likiwa limenyooka, na mingine 3 goti likiwa limekunjwa, mara mbili kwa siku, kila siku.

Marudio 180 kwa siku ni mengi, na wagonjwa wengi huyaacha katika wiki ya tatu. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2015 ulilinganisha ratiba hiyo na mazoezi mazito ya polepole yanayofanywa mara 3 tu kwa wiki, na matokeo yakawa sawa. Kwa mfanyakazi mwenye familia ratiba ya pili inatekelezeka zaidi, na inaheshimu ule muda wa kolajeni kujijenga uliotajwa hapo juu.

Utekelezaji wake hauhitaji ukumbi wa mazoezi. Mgonjwa huanza kwa kuinua visigino vyote viwili akiwa sakafuni, ameshika ukuta, kwa sekunde 3 kwenda juu na sekunde 3 kurudi chini, marudio 15, mizunguko 3. Zoezi hilo likizoeleka huhamia kwenye mguu mmoja. Mguu mmoja ukizoeleka, mzigo huongezwa: mkoba wa mgongoni wenye dumu la maji la lita 5, kisha la lita 10, huku marudio yakipungua kutoka 15 hadi 8 au 6. Wanaojua mazoezi hushangaa kuambiwa wabebe uzito mkubwa juu ya kano inayouma, lakini mzigo mwepesi usiobadilika ndio unaowafanya wengi wakwame. Goti lipewe nafasi zote mbili, kwa sababu msuli wa ndani wa kigimbi, ambao ndio wenye kazi kubwa katika mbio za masafa, hufanya kazi zaidi goti likikunjwa. Anayeumia pale kano inapopachikwa kwenye mfupa wa kisigino, na si juu yake, asishushe kisigino chini ya usawa wa ngazi. Afanyie sakafuni, maana kushuka zaidi huikandamiza kano kwenye mfupa.

Swali ambalo kila mkimbiaji huuliza ni kama anaruhusiwa kuendelea kukimbia. Karin Silbernagel na wenzake wa Göteborg, Sweden, walilijibu mwaka 2007 kwa kugawa wagonjwa 38 makundi mawili: wote walifanya mazoezi ya kuimarisha, lakini kundi moja liliruhusiwa kukimbia na kuruka kwa masharti, na jingine lilizuiwa kwa wiki sita za mwanzo. Walioruhusiwa hawakupona vibaya kuliko waliozuiwa. Masharti yenyewe ni rahisi kukumbuka. Katika kipimo cha maumivu cha 0 hadi 10, maumivu yasizidi 5 wakati wa zoezi na baada yake. Kufikia asubuhi ya kesho yake yawe yamerudi pale yalipokuwa. Na kwa jumla yasipande kutoka wiki moja hadi nyingine.

Kigezo cha asubuhi ndicho chenye thamani kuliko vyote, kwa sababu kano huchelewa kulalamika. Mtu anaweza kukimbia kilomita 10 Jumamosi bila usumbufu wowote, akalipa deni Jumapili. Daftari dogo linaloandikwa umbali wa jana na namba ya maumivu ya hatua kumi za kwanza za leo humweleza daktari mengi kuliko picha ya MRI. Namba ikipanda, umbali hupunguzwa, hauondolewi. Ikiwa hata mbio fupi zinavuka masharti hayo, baiskeli na kuogelea huchukua nafasi yake kwa wiki kadhaa, ili moyo na sukari viendelee kuhudumiwa.

Dawa za kuchua na barafu hutuliza, na hazina ubaya zisipochukua nafasi ya mazoezi. Kandambili ziwekwe kando na kuvaliwa viatu vyenye kisigino kilichoinuka kidogo. Sindano ya steroidi ndani ya kano ikataliwe hata pale mgonjwa anapoililia kwa sababu ya mbio zilizokaribia: hupoza kwa wiki chache na huacha kano iliyo rahisi kukatika. Muda wa chini wa tiba hii ni wiki 12, na wengi huhitaji miezi sita au zaidi.

Kano iliyokatika: kisu au plasta

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba mwanamichezo lazima ashonwe na kwamba plasta ni ya wazee. Utafiti mkubwa wa Norway uliotolewa mwaka 2022, wenye wagonjwa 526, ulilinganisha tiba isiyo ya upasuaji, upasuaji wa kawaida, na upasuaji wa tundu dogo. Baada ya miezi 12 uwezo wa miguu ulikuwa sawa katika makundi yote matatu. Tofauti ilikuwa katika madhara. Kano ilikatika tena kwa asilimia 6.2 ya wasiopasuliwa, dhidi ya asilimia 0.6 katika kila kundi la waliopasuliwa. Upande wa pili, neva ziliumia kwa asilimia 5.2 ya waliopasuliwa kwa tundu dogo na asilimia 2.8 ya waliopasuliwa kwa kawaida, dhidi ya asilimia 0.6 ya wasiopasuliwa. Upasuaji huongeza pia hatari ya kidonda kuchelewa kupona, hasa kwa mvutaji sigara na mgonjwa wa kisukari. Huo ni uamuzi wa kuzungumzwa, na mgonjwa apewe namba hizo kwa lugha anayoielewa. Asiye na fedha za upasuaji asihisi kwamba amehukumiwa kuwa kilema, maadamu amefika mapema na wayo wake umefungwa ukielekea chini.

Vivyo hivyo kuhusu buti la tiba, ambalo ni ghali na halipatikani katika hospitali nyingi za wilaya. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020, wenye wagonjwa 540 wasiopasuliwa, haukuona tofauti ya uwezo baada ya miezi 9 kati ya waliovaa buti na waliofungwa plasta ya kawaida, ile ambayo mitaani huitwa hogo. Buti lina raha zake, kwa kuwa huvuliwa wakati wa kuoga na humruhusu mtu kukanyaga mapema, lakini hogo lililofungwa vizuri si tiba ya daraja la pili.

Katika wiki 8 hivi za mwanzo wayo huinuliwa kwa hatua kutoka kuelekea chini hadi usawa wa kawaida, ama kwa kubadilisha plasta au kwa kuondoa kabari moja moja ndani ya buti. Wakati huo adui mkubwa wa kano ni kuvutwa. Kano ikipona ikiwa ndefu kuliko ilivyokuwa, kigimbi hupoteza nguvu ya kusukuma ardhi, na hasara hiyo hairudishwi kwa mazoezi. Hapo ndipo mtu wa mazoezi huwa hatarini kuliko asiyezoea, kwa sababu amefundishwa maisha yake yote kunyoosha misuli. Kano iliyokatika isinyooshwe. Ugumu anaouhisi buti linapovuliwa utalegea wenyewe kwa kutembea.

Maisha ya nyumbani nayo yana mitego ambayo vijitabu vya kigeni havitaji. Choo cha kuchuchumaa hukunja kifundo cha mguu hadi mwisho. Litafutwe sinki la kukalia au kiti kilichotobolewa, kwa miezi mitatu walau. Muislamu asujudu na kukaa tahiyatu kwa ishara akiwa kitini, ruhusa ambayo mgonjwa anayo. Mwenye bodaboda asipige kiki. Ngazi za daladala na sakafu ya bafu yenye maji ndizo mahali pa kuteleza, na kuteleza mara moja katika miezi mitatu ya kwanza, wakati hatari ya kukatika tena ni kubwa kuliko wakati wowote, kunaweza kurudisha kazi yote mwanzo.

Mguu usiotembea huweza kuganda damu katika mishipa yake ya ndani. Kigimbi kinachovimba, kuuma na kuwa na joto, plasta inayobana kuliko jana, pumzi inayokata ghafla au kichomi cha kifua ni dalili za kwenda hospitali usiku huo huo.

Kurudi barabarani

David Beckham alikatika kano ya mguu wa kushoto tarehe 14 Machi 2010 akiichezea AC Milan, akapasuliwa Finland siku iliyofuata, akalikosa Kombe la Dunia la Afrika Kusini, na akarejea uwanjani Septemba. Hiyo ni miezi sita kwa mchezaji ambaye kupona ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kutwa nzima. Mtu anayekwenda ofisini na kufanya mazoezi jioni ajipangie miezi 9 hadi 12 kwa michezo ya kuruka na kugeuka ghafla kama mpira wa miguu, wavu na kikapu. Mbio za pole kwenye barabara tambarare huja mapema zaidi, kati ya mwezi wa nne na wa sita kwa wengi, lakini kalenda peke yake haitoshi kumruhusu.

Kabla ya kukimbia, mgonjwa aweze kutembea haraka dakika 30 bila kuchechemea, na kuinua kisigino akiwa amesimama kwa mguu ulioumia peke yake. Zoezi hilo la pili ndilo hukumu. Miezi minne baada ya jeraha wengi hawawezi kuliinua hata mara moja kwa urefu kamili, ingawa hawana maumivu yoyote, na hao ndio wanaoomba ruhusa kwa msisitizo mkubwa. Mguu mzima wa mtu mwenye afya huinua mara 25 hivi. Mguu ulioumia ukifikia nusu ya mguu wa pili, mbio za majaribio zinaweza kuanza chini ya uangalizi wa mtaalamu wa fiziotherapia. Ukifikia asilimia 90, kwa idadi na kwa urefu wa kuinuka, michezo kamili inaweza kuzungumzwa.

Majaribio huanza kwa dakika 1 ya kukimbia na dakika 2 za kutembea, mara 8, siku moja na kuacha moja au mbili. Muda huongezwa kwanza, kasi baadaye, vilima na mchanga mwisho kabisa. Kigezo cha asubuhi kinatumika hapa kama kilivyotumika kwa kano iliyochakaa. Mazoezi ya kuinua kisigino yaendelee mara 2 au 3 kwa wiki hata baada ya mbio kurudi, tena kwa miguu yote miwili, kwa kuwa aliyekatika kano moja ana hatari kubwa kuliko watu wengine ya kukatika ya pili.

Kigimbi cha mguu ulioumia aghalabu hubaki chembamba kwa sentimita moja au mbili kikipimwa kwa futi ya fundi cherehani, hata baada ya miaka, na mgonjwa aambiwe hivyo siku buti linapovuliwa. Asiyeambiwa hulinganisha miguu yake mbele ya kioo kila wiki, akadhani tiba imeshindwa, na ama huacha mazoezi ya kuimarisha au huyazidisha kwa hasira katika mwezi ule ule ambao kano inaanza kushika.